Mikono ya Mhusika wa Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kutoka kwa wanafunzi wa kompyuta wa Tunguu na Mbweni, wachora katuni wa mjini Unguja, walimu, na maofisa wa kilimo na afya wa Unguja na Pemba wanaotaka mhusika wa skrini azungumze Kiswahili na aonekane anazungumza kweli. Msimamo wetu tuuseme mapema: maandishi ya Kiswahili yenyewe yanaeleza mengi kuhusu wapi mkono uende na lini, kuliko wengi wanavyodhani. Kinachokosekana ni kumbukumbu nzuri za mikono ya watu wetu. Majibu mengi hapa chini yamejengwa juu ya hilo.

Kutengeneza ishara kutoka kwenye maandishi ni kufanya nini hasa?

Una maandishi, tuseme mistari mitano ya ushauri wa kilimo. Una pia mhusika wa 3D mwenye mifupa ya kompyuta: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole. Programu inayasoma maandishi na kuamua mikono, kichwa na kiwiliwili viende wapi, wakati gani na kwa nguvu kiasi gani, huku sauti ikiyasema maneno hayohayo. Kinachotoka si video. Ni orodha ndefu ya pembe za viungo, mara nyingi fremu 30 kwa kila sekunde, ambayo programu kama Blender au Unity huigeuza kuwa mwendo.

Jambo moja linawachanganya wanaoanza. Hata mfumo unaotegemea maandishi peke yake unahitaji kujua kila neno linaanza na kuisha lini, la sivyo mkono utapanda wakati mdomo umeshafika sentensi ya pili. Kwa hiyo maandishi hupelekwa kwanza kwenye programu ya kutoa sauti, programu hiyo ikarudisha sauti pamoja na muda wa kila neno, ndipo ishara zikapangwa juu ya muda huo. Sauti za Kiswahili zipo: mradi wa Meta wa mwaka 2023 uliohusisha lugha zaidi ya 1,100 una Kiswahili ndani yake, na Microsoft ina sauti za Kiswahili cha Tanzania.

Kwa nini tujisumbue? Sauti peke yake haitoshi?

Redioni inatosha. Kwenye skrini, mtu anayezungumza huku mikono imemning'inia anaonekana mgonjwa au mwenye hofu, na mtazamaji anaacha kumsikiliza akaanza kumshangaa.

Sababu ya ndani zaidi ni kwamba ishara hazikuongezwa juu ya maneno ili kuyapamba. David McNeill, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitetea kwa miaka mingi kwamba neno na ishara vinatoka kwenye wazo moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walionyesha kwamba watu waliozaliwa vipofu nao hutumia mikono wanapozungumza, hata wanapozungumza na kipofu mwenzao. Hakuna aliyewaonyesha, na hawamwonyeshi mtu. Mtazame pia anayeongea na simu pale Darajani: mkono mmoja umeshika simu, wa pili unaeleza njia kwa mtu asiyemwona.

Hii ndiyo lugha ya alama ya viziwi?

Hapana. Lugha ya alama ni lugha kamili, ina msamiati na sarufi yake, na Tanzania ina Lugha ya Alama ya Tanzania. Ishara tunazozizungumzia hapa huandamana na maneno. Ukiondoa sauti, nyingi hazieleweki. Mhusika aliyetengenezwa kwa njia hii asiwekwe mbele ya kiziwi kwa madai kwamba anatafsiri. Kazi hiyo ina wenyewe, na lazima ifanywe na viziwi wakiwemo.

Ishara ziko aina ngapi?

Mgawanyo unaotumika zaidi ni ule wa McNeill wa mwaka 1992, wenye aina nne. Za kwanza ni za kuchora: mkono unaonyesha umbo au tendo lenyewe, kama anayesimulia jinsi alivyopanda mkarafuu. Za pili ni za sitiari: jambo lisiloshikika linapewa mwili, kama anayesema "suala hili lina pande mbili" akaziweka pande zote mbili hewani. Za tatu ni za kuelekeza, kwa kidole, kiganja, hata kidevu. Za nne ni za mapigo, zile zinazodundadunda na maneno bila kuchora kitu. Ishara moja inaweza kuwa na sura mbili kwa pamoja, kwa hiyo usigombane na mwenzako kama hii ni ya kuchora au ya sitiari.

Kwa mtengeneza programu, lililo na faida kubwa zaidi ni la Adam Kendon: ishara ina hatua. Mkono hujiandaa, ukapiga, pengine ukashikilia kidogo, kisha ukarudi ulipotoka au ukaingia kwenye ishara inayofuata. Maana iko kwenye pigo. Na pigo hutangulia kidogo neno lake au huenda nalo sambamba. Kuchelewa ni nadra. Mkono ukipiga baada ya neno, mtazamaji atahisi kuna kasoro hata akishindwa kuitaja.

Kompyuta inajuaje neno lipi lipewe mkono?

Njia ya zamani, ambayo bado tunaipendekeza kwa anayeanza, ni ya kanuni. Mwaka 2001 Justine Cassell, Hannes Vilhjálmsson na Timothy Bickmore walitoa mfumo ulioitwa BEAT. Ulichukua maandishi, ukayachambua, ukatenganisha habari iliyokwisha kujulikana na habari mpya, halafu ishara nyingi ukazipeleka kwenye habari mpya. (Mwaka 2022 ilitoka hazina ya data yenye jina hilohilo la BEAT. Hayo ni mambo mawili tofauti.) Baadaye watafiti walikubaliana juu ya lugha ya kuandikia maagizo ya mwili, BML, ambayo kwa kila ishara hutaja nukta saba za wakati, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pigo likiwa katikati.

Tuzifanyie kazi sentensi mbili za Pemba:

"Karafuu ukishazichuma, zitenge na makonyo. Zianike juani juu ya jamvi, usizirundike pale kwenye unyevu."

"Karafuu" ndiyo mada, kila mtu anajua tunazungumzia nini. Hapo mkono utulie. "Zitenge" ni habari mpya na ni tendo linaloonekana: viganja vinaanza vimekaribiana, kisha vinaachana, pigo likiangukia silabi "te". Kwenye "makonyo", yaani vijiti vinavyoshika karafuu, inatosha mkono mmoja kusukuma kidogo upande wake, kwa kuwa sasa upande huo wa hewa ni wa makonyo na mhusika anaweza kuurudia baadaye. "Zianike" inataka viganja vinavyotazama chini vikitandazwa nje. "Juani" iache. Anayeanza hutaka kuinua mkono kuelekea juu hapo, lakini kwa kawaida mtu hutoa ishara moja hivi kwa kishazi kimoja, na mhusika anayechora kila neno anachosha. "Usizirundike" ina njia mbili: kuchora rundo, au kuonyesha katazo kwa kiganja kilichosimama na kichwa kinachotikisika. Sisi tunachagua katazo, maana mkulima atakayebaki na picha ya rundo kichwani amebaki na kosa. Mwisho "pale": kidole au kiganja chini, upande mmoja, mbali kidogo na mwili.

Sentensi mbili tu, na hakuna hata ishara moja tuliyoipanga kwa kubahatisha.

Kiswahili kinatusaidia au kinatutatiza?

Kinasaidia sana, na hapa tunaomba msomaji asiharakishe.

Kwanza ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huanguka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo programu ndogo kabisa inaweza kusoma maandishi na kujua pigo la mkono liangukie silabi ipi, bila kamusi ya matamshi. Lugha nyingi hazina neema hiyo. Tofauti ni chache na zinaandikika kwenye orodha: "lazima" kwa wasemaji wengi huanza na mkazo, na "barabara" ya kupita magari hutofautiana na "barabara" yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake unarudi nyuma. Hizo mbili zinahitaji programu iangalie sentensi nzima.

Pili ni vionyeshi na mahali. "Hapa, hapo, pale" ni mahali mahususi. "Huku, huko, kule" ni upande au eneo lisilo na mipaka. "Humu, humo, mle" ni ndani. Maandishi yameshakupa sura ya mkono: "pale" inapata kidole au kiganja kilicholenga nukta, "kule" inapata mkono unaopita hewani kwa upana, "mle" inapata vidole vinavyoinamia ndani ya kitu. Maneno ya katikati, "huyo, hicho, hapo", mara nyingi yanarejelea kilichokwisha kutajwa. Hapo mhusika asielekeze upya popote. Arudi upande uleule alioupa kitu hicho mwanzo. Programu nyingi hukosea hapa kwa kuwa hazina kumbukumbu ya nani aliwekwa wapi. Waandishi wa siku hizi pia huandika "kuleee" kwa herufi za ziada. Usizifute kwa kudhani ni uchafu. Kila e iliyoongezwa inasema mkono unyooke zaidi na uende juu.

Tatu ni msisitizo uliomo ndani ya maneno. "Ndi-" hutangaza wazi jambo linalotiliwa mkazo: "huyu ndiye", "hapo ndipo", "hicho ndicho". Weka pigo hapo. Nacho kiambishi cha mtendwa mara nyingi huashiria kitu kinachojulikana: "nimekiona kitabu" si sawa na "nimeona kitabu". Katika ya kwanza, nomino ipe nafasi ndogo ya kupata ishara. Kanuni hii itumie kwa vitu tu, kwa sababu watu na wanyama hupewa kiambishi hicho hata wakiwa wapya.

Nne, na ndiyo tunayoipenda kuliko zote, ni tanakali sauti. Ameanguka pu. Ametumbukia chubwi. Kapu limejaa pomoni. Amelala fofofo. Kamba imefungwa ndi. Mark Dingemanse, aliyeichunguza lugha ya Siwu ya Ghana, alionyesha jinsi maneno ya aina hii yanavyoandamana na ishara za kuchora katika mazungumzo ya kila siku. Kaa kwenye baraza lolote Unguja na utaliona hilohilo: ni vigumu kwa msimuliaji kusema "chubwi" mikono ikiwa imekunjwa. Ukiwa na orodha nzuri ya tanakali sauti na ishara iliyochongwa kwa uangalifu kwa kila moja, mhusika wako atapata uhai ambao modeli kubwa (programu iliyojifunza yenyewe kutoka kwenye data nyingi) isiyojua Kiswahili haiwezi kumpa. Orodha hiyo haihitaji kompyuta ya gharama. Inahitaji masikio, na subira.

Ugumu nao upo. Neno moja kama "nitakuonyesheeni" limebeba mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Modeli zilizofunzwa kwa Kiingereza hulikata vipande visivyo na maana, kisha zikatafuta ishara kwa vipande hivyo. Inafaa kutumia zana zilizokiona Kiswahili: fastText ina vekta za maneno ya Kiswahili, yaani namba zinazowakilisha maana ya kila neno, AfriBERTa ilifunzwa kwa lugha za Afrika na Kiswahili kikiwemo, na kundi la Masakhane lina data ya aina za maneno kwa Kiswahili.

Modeli za kisasa zinafanya nini tofauti na kanuni?

Zinajifunza kutoka kwenye video au miendo iliyonaswa. Mwaka 2019 Youngwoo Yoon na wenzake walifunza modeli kwa hotuba za TED, maandishi yakaingia na mwendo ukatoka, wakaujaribu kwenye roboti ya NAO. Mwaka uliofuata waliunganisha maandishi, sauti na utambulisho wa msemaji.

Modeli za mwanzo zilikuwa na ugonjwa mmoja. Sentensi ileile inaweza kusemwa na ishara nyingi zote sahihi. Modeli iliyofundishwa kukaribia zote kwa pamoja hutoa wastani wake, yaani mikono inayoyumbayumba kifuani bila kusema kitu. Modeli za difyusheni zimepunguza tatizo hilo. Zinaanza na fujo tupu ya namba na kuisafisha hatua kwa hatua hadi ubaki mwendo mmoja, si wastani wa miendo. Mwendo wake ni laini na wenye nguvu.

Lakini kulainika si kueleweka. Kwenye shindano la GENEA la mwaka 2022, ambako mifumo mbalimbali hupimwa na watazamaji kwa data moja, ulikuwepo mfumo uliohukumiwa kuwa na mwendo unaofanana na binadamu kuliko mwendo wa binadamu mwenyewe ulionaswa. Ila kwa swali la pili, kama ishara zinaendana na kinachosemwa, mifumo yote iliachwa mbali na binadamu. Ndiyo maana hatuwaambii watu waache kanuni. Kwa sasa tunapendekeza mchanganyiko: kanuni za Kiswahili ziamue ishara zenye maana, na modeli ijaze mapigo na miendo midogo ya katikati.

Naweza kuchukua modeli iliyofunzwa kwa Wamarekani na kuipa sauti ya Kiswahili?

Unaweza, na kwa ishara za mapigo matokeo yanavumilika. Kwingine utapata Mmarekani aliyetiwa sauti ya Kiunguja. Hata hazina kubwa ya BEAT ya mwaka 2022, yenye saa 76 za wasemaji 30, ni ya Kiingereza, Kichina, Kihispania na Kijapani. Hakuna lugha ya Afrika ndani yake.

Ishara za Waswahili si jambo lisilojulikana kwa wasomi. Mwaka 1985 Carol Eastman na Yahya Ali Omar walichapisha makala kuhusu ishara za Waswahili, zinazoandamana na maneno na zinazosimama badala yake. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayopaswa kuendelezwa kwa kamera za leo.

Mhusika wetu anapokea kitu kwa mkono wa kushoto. Ni kasoro ya programu?

Ni kasoro ya data, na ina chanzo kinachojulikana. Watafiti wengi huongeza data kwa kugeuza kila mwendo kama kwenye kioo: kulia kuwa kushoto. Data inakuwa mara mbili bila gharama. Kwao halina madhara makubwa. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula, kutoa, kupokea na kusalimia, na mhusika anayempa bibi kitu kwa kushoto amemvunjia heshima mbele ya wajukuu.

Afrika Magharibi jambo la jirani na hili limechunguzwa: mwaka 2001 Sotaro Kita na James Essegbey waliandika jinsi mwiko wa mkono wa kushoto unavyobadilisha namna watu wa Ghana wanavyoelekeza njia.

Tunachofanya ni hiki: kugeuza kunaruhusiwa kwa mapigo na kwa ishara za mikono yote miwili. Ishara za kutoa, kupokea, kusalimia na kumwelekeza mtu hazigeuzwi kabisa, na programu inapewa amri ya wazi kwamba hizo ni za kulia.

Salamu nazo zitoke kwenye maandishi?

Salamu zichonge kwa mkono, moja moja. "Shikamoo" ya mtoto kwa babu yake huja na kuinama kidogo na pengine kubusu mkono. Mwanamume anayemsalimia mwanamke asiye maharimu wake mara nyingi huweka kiganja kifuani badala ya kumpa mkono. Hayo hayatokani na neno, yanatokana na nani yuko mbele ya nani. Kwa hiyo pamoja na maandishi, ipe programu umri, jinsia na uhusiano wa wanaozungumza. Mzee wa Wete akizungumza na kijana hawi na mikono sawa na kijana huyohuyo akizungumza na mzee.

Buibui, kanzu na kanga zinaathiri nini?

Mengi. Mkono ulio chini ya buibui haupandi kama mkono ulio kwenye fulana, na mwanamke aliyejitanda kanga hutumia mkono mmoja mara kwa mara kuirekebisha kichwani, katikati ya sentensi, bila kupoteza maneno. Urekebishaji huo si ishara ya mazungumzo, lakini ukiuondoa mhusika anakuwa mgeni. Tunauweka kama tabia ya pembeni inayotokea kwenye vituo vya mazungumzo, na wakati huo mkono wa pili peke yake ndio unaopewa ishara.

Kwa upande wa kurekodi, mikono mipana ya kanzu huficha kiwiko, na programu ya kutambua viungo inabahatisha. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe ni hasara tupu.

Data ya Kizanzibari tuipate wapi?

Irekodiwe. Simu nzuri juu ya stendi ya miguu mitatu inatosha kuanzia. Programu ya MediaPipe hutoa nukta 33 za mwili na nukta 21 kwa kila mkono kutoka kwenye video ya kawaida; haifikii usahihi wa mavazi ya kunasa mwendo, lakini inakuweka kazini.

Shida iko kwa watu, haiko kwenye kamera. Mtu akijua anarekodiwa, mikono huganda. McNeill aliwaonyesha watu katuni fupi kisha akawaomba wamsimulie mwenzao ambaye hakuiona, na njia hiyo bado ni nzuri: msimuliaji anamtazama msikilizaji, anaisahau kamera. Mada zinazotoa ishara nyingi kwetu ni kueleza njia kutoka Darajani hadi Mkunazini, namna ya kupika urojo, kisa cha safari ya mashua yenye dhoruba, mchezo wa bao uliomalizika kwa ubishi. Mada zinazoua ishara ni hotuba iliyoandikwa na swali la "jitambulishe". Msikilizaji lazima awe mtu anayemjua msimuliaji. Mikono isitoke nje ya picha, hata ya msimuliaji anayechangamka.

Ridhaa ichukuliwe kabla, kwa Kiswahili chepesi, na mtu aelezwe kwamba mwendo wake unaweza kuvaliwa na mhusika asiyemjua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; isome kabla ya kurekodi. Wanawake warekodiwe na wanawake, mahali wanapopachagua wao, na wakitaka video ifutwe baada ya kutoa nukta za viungo, ifutwe. Lakini usiwaahidi kwamba nukta peke yake hazimtambulishi mtu. Mwaka 1977 James Cutting na Lynn Kozlowski walionyesha kwamba watu huwatambua rafiki zao kwa mwendo wa nukta za taa tu. Na usirekodi watu barabarani kwa siri, hata pale Jaws Corner penye wazungumzaji wazuri kuliko wote. Kaa, nunua kahawa, omba.

Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi vichanganywe?

Rekodi vyote, ila kila kimoja kiwe na alama yake kwenye data. Usikidhanie Kiunguja cha mjini kuwa ndicho kila kitu.

Nitajuaje ishara zangu ni nzuri?

Namba za kompyuta hazikwambii. Kipo kipimo kinacholinganisha mtawanyiko wa miendo yako na ya binadamu, na kinafaa kugundua kwamba modeli imeharibika, lakini mhusika anaweza kupata alama nzuri huku akipunga mkono kwenye taarifa ya msiba.

Waulize watu, na uwaulize maswali mawili mbalimbali. Kwanza bila sauti: mwendo huu ni wa binadamu? Kisha kwa sauti, na hapa tumia mtego wa GENEA: mpe mtazamaji maneno yaleyale mara mbili, mara moja na mwendo wake, mara ya pili na mwendo wa maneno ya sehemu nyingine. Akishindwa kutofautisha, ishara zako hazibebi maana yoyote, hata kama ni laini kama hariri. Watazamaji watoke Unguja na Pemba, wazee wakiwemo. Kijana atakwambia kama mwendo umekatika. Mzee atakwambia kama mhusika ana adabu, na hilo ndilo litakaloamua kama ujumbe utasikilizwa nyumbani kwake.

Naweza kumwiga sheikh au mwimbaji anayejulikana?

Kiufundi inawezekana, utafiti wa Shiry Ginosar na wenzake wa mwaka 2019 ulijifunza mtindo wa msemaji mmoja mmoja kwa wasemaji 10. Lakini namna mtu anavyotumia mikono ni sehemu yake, na ukiitia kwenye maneno ambayo hakuyasema umemsingizia. Bila ridhaa yake ya maandishi, au ya familia yake kama amefariki, usifanye.

Nina simu, kompyuta ya kawaida na hamu. Nianzie wapi?

Usianze na modeli. Chagua maandishi ya dakika moja unayoyajali, tuseme maelezo ya bibi yako ya kupika boko-boko. Mrekodi akimweleza mtu mwingine, kwa idhini yake. Yaandike maneno yake yote, kisha kwenye kila ishara weka alama nne: ilipoanza, ilipopiga, neno lililokuwa mdomoni, na mkono gani. Pigia mstari vionyeshi, "ndi-" na tanakali sauti zote, halafu linganisha na alama zako. Angalia zilipokutana na zilipoachana. Zilipoachana ndipo kuna kanuni ambayo bado hujaiandika. Iandike. Rudia kwa msemaji wa pili, ikiwezekana wa kisiwa kingine. Ukishakuwa na kanuni zinazokubaliana na wasemaji wote wawili, fungua Blender, mchukue mhusika wa bure mwenye mifupa, na umpe sentensi moja tu.